Nani Atambeba Bibi? Kuiandaa Familia Kabla ya Mafuriko

Mvua ikishinda ikinyesha kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, mtu wa Jangwani anaweza kushuka kitandani usiku akakanyaga maji, ilhali kwake hayajadondoka hata manyunyu ya kulowesha khanga kambani. Mto Msimbazi hukusanya maji ya huko juu, hupita Vingunguti na Kigogo, na kuyamwaga yote bondeni kwa mkupuo kabla ya kutokea baharini pale Daraja la Salender. Ndiyo maana mafuriko ya Dar es Salaam mara nyingi huwakuta watu wamelala.

Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilisema haijaonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo bonde limejaa tena mara kadhaa. Ukiwasikiliza walionusurika, wengi watakwambia kuwa taarifa walikuwa nayo. Kilichowaponza ni kukosa uamuzi. Baba anasema tuvute subira, itakatika. Mama anaangalia friji ambalo bado anadaiwa. Bibi anasema amekaa hapa tangu enzi za Mwalimu na maji hayajawahi kupanda hadi kitandani. Wakija kumaliza kubishana, mlango umeshagoma kufunguka.

Kwa hiyo kuiandaa familia hakuanzi na kununua vitu. Kunaanza na kuorodhesha kila kinachowafanya mbaki ndani, yaani vyombo, hofu ya wezi, mgonjwa asiyeweza kutembea na kutojua pa kwenda, kisha kutafutia kila kimoja jibu jua likiwa linawaka. Lengo la yote yanayofuata ni moja: kuondoka kuwe rahisi kuliko kubaki.

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita iliyopanga vyumba viwili Kigogo. Baba ni dereva wa bodaboda, mama ni mama lishe, bibi ana presha na kisukari, na watoto ni watatu: wa darasa la sita, wa chekechea, na kichanga cha miezi minane. Aliyeko Rufiji, Kilosa kando ya mto Mkondoa, au Budalang'i kwenye mto Nzoia atabadilisha majina ya mahali. Kazi ni ileile.

Yajue maji ya mtaani kwako

Kabla ya kupanga lolote, jibu maswali matatu: maji huja kutoka wapi, huchukua muda gani kufika, na huishia wapi. Majibu hayo hayapo kwa dalali. Dalali huonyesha nyumba wakati wa kiangazi, na kuta zimeshapigwa rangi mpya. Muulize mjumbe, muulize fundi cherehani wa barazani, muulize mama aliyeuza maandazi kona ileile miaka mingi. Wakuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi. Tazama pia nyumba zenyewe: mlango uliojengewa kizingiti cha matofali hadi magotini unakusimulia kilichowahi kutokea, na ukuta uliobabuka chini kwa mstari ulionyooka unasema hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama nyumba unayotaka kuipanga iko ndani ya mita hizo, fikiri mara mbili kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

TMA husema "mvua kubwa" inapotarajia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu. Milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 60 hushusha lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20, na hilo ni paa moja tu. Zidisha kwa mabati yote kuanzia Tabata hadi Magomeni, yote yakimwaga kwenye mifereji iliyojaa mchanga na chupa za plastiki.

Bahari nayo ina neno lake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni za maji ya bamvu, na kwenye pwani ya Dar es Salaam maji hayo hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Bahari ikijaa, mto unakosa pa kutokea, nao unarudi nyuma kutafuta nyumba za watu. Ukisikia utabiri wa mvua kubwa, angalia mwezi pia, au muulize mvuvi yeyote wa Feri. Mvua kubwa ikikutana na bamvu, ongeza tahadhari.

Weka alama, na alama ikifikiwa pasiwe na mjadala

TMA hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu zenye rangi: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa ni nyekundu. Familia iamue mapema kila ngazi inamaanisha nini nyumbani kwao.

Kwa familia yetu ya Kigogo, mpango unaweza kuwa hivi. Kukitolewa angalizo, simu zote zinachajiwa, begi linakaguliwa, na baba halazi pikipiki bondeni. Ikitoka tahadhari, bibi na mtoto wa chekechea wanakwenda kulala kwa shangazi Kimara siku hiyohiyo, kabla ya giza. Ikitoka tahadhari kubwa, wote wanaondoka, hata kama mbingu bado ni nyeupe.

Mto hausubiri taarifa ya redio, kwa hiyo mnahitaji alama yenu wenyewe. Chagueni kitu kigumu ambacho maji hukifikia mapema kabla ya kufika mlangoni: nguzo ya daraja la waenda kwa miguu, jiwe kubwa la ukingoni, ngazi ya tatu ya kushukia mtoni. Pakeni rangi nyekundu. Waulizeni wenyeji huchukua dakika ngapi kutoka hapo hadi nyumbani. Kama ni chini ya nusu saa, sogezeni alama karibu zaidi na mto. Usiku wa mvua mtu mmoja anaamka kwa zamu na kuimulika kwa tochi kutoka mahali pa juu, bila kushuka ukingoni.

Alama hiyo ina masharti mawili. La kwanza, yeyote akiiona imezama ana haki ya kutoa amri ya kuondoka, hata akiwa mtoto wa darasa la sita, na wakubwa watatii. La pili, maji yasipofika, hakuna wa kumcheka wala kumgombeza. Familia inayomzomea aliyewaamsha bure leo inamfundisha anyamaze kesho.

Gawanya watu kabla ya vitu

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Watu husema "tutasaidiana", na usiku wa tukio wawili wanamkimbilia mtoto mmoja huku mwingine amesahaulika chumbani. Andika majina kwenye karatasi na ubandike nyuma ya mlango.

Mama anamfunga kichanga mgongoni kwa khanga, si mikononi, ili mikono ibaki huru. Wa darasa la sita anashika mkono wa wa chekechea na hauachi mpaka wafike. Baba anambeba bibi. Lakini baba ni bodaboda na usiku huenda yuko Sinza na abiria, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili mwenye jina: kijana wa chumba cha jirani ambaye ameombwa, amekubali, na ameonyeshwa namna ya kumbeba. Kiti cha plastiki chenye mikono ni machela nzuri: bibi anakaa, watu wawili wanashika huku na huku. Jaribuni mchana. Bibi akicheka na kulalamika kuwa mnamdhalilisha, mwambieni ni heri mzaha wa leo. Na kwa sababu kumbeba mtu ndani ya maji ni kazi ya hatari hata kwa vijana wenye nguvu, jibu la kwanza kwa mzee, mgonjwa, mjamzito wa miezi ya mwisho na mwenye ulemavu ni kumwondoa siku moja kabla.

Chagueni mahali pawili pa kukutana. Pa kwanza pawe karibu na juu, mnapoweza kufika kwa miguu bila kuvuka mto, mfereji wala daraja: msikiti, kanisa, shule ya ghorofa. Pa pili pawe mbali, kwa ndugu ambaye amekubali kuwapokea. Maneno "kwa shangazi hatuwezi kukosa nafasi" hayatoshi. Mpigieni, mkubaliane, na mjue nauli ya kufika.

Halafu teueni mtu mmoja aliye nje ya jiji, tuseme mjomba wa Morogoro. Mtandao wa simu ukielemewa, simu za ndani ya Dar hazipiti, lakini ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya. Kila mmoja anamtumia mjomba neno moja: yuko wapi na yuko na nani. Mjomba ndiye anayejua wote. Mtoto wa darasa la sita aikariri namba yake kichwani. Wa chekechea aandikiwe kwenye kadi inayoshonwa ndani ya begi lake la shule.

Shule nayo iingie kwenye mpango. Mwulizeni mwalimu mkuu: maji yakijaa saa za masomo, watoto wanabaki au wanaachiwa? Nani anaruhusiwa kuwachukua? Mtoto aelewe kuwa akikuta njia imejaa maji, anarudi shuleni, hata kama upande wa pili anamwona mama yake anampungia. Aprili 2024 jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo na wanafunzi kadhaa wakafariki. Mwambieni dereva wa basi la watoto wenu, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba hamtamlaumu kwa kuchelewa wala kwa kugeuza.

Begi moja, ndoo moja

Familia moja haihitaji kabati zima la vifaa. Inahitaji begi la mgongoni la zamani la shule na ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na ndoo ni bora zaidi hata hivyo: haipitishi maji, inaelea, na mkifika mlikokwenda inakuwa chombo cha kuhifadhia maji.

Ndani ya ndoo weka nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki, kadi za bima, vyeti vya shule, mkataba wa nyumba au hati ya kiwanja. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu na picha hizo atumiwe mjomba wa Morogoro. Weka pia fedha taslimu, noti za elfu moja na elfu mbili, za kutosha nauli na chakula cha siku tatu. Fedha za kwenye simu hazina msaada mtandao ukikatika au wakala akiwa naye amefurikiwa.

Ndani ya begi weka tochi na betri zake, redio ndogo, pawabenki, filimbi, kamba ya mita kumi, kibiriti kilichofungwa kwenye kichupa, sabuni, pedi, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto na khanga mbili. Khanga ni shuka, ni mbeleko, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni bandeji. Filimbi ni kwa ajili ya kuita msaada usiku; sauti ya mtu hukauka upesi, ya filimbi haichoki.

Dawa za bibi za presha na sukari ziwe za wiki nzima, kwenye kichupa kisichoingiza maji, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na kipimo chake. Anayetumia ARV naye aweke akiba na kadi yake. Kama hataki wengine wajue, awe na kichupa chake na akibebe mwenyewe. Ongeza pakiti za chumvichumvi za kuzuia kupungukiwa maji mwilini na vidonge vya kutibu maji kutoka duka la dawa.

Kwa maji ya kunywa, hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku. Watu sita wanakunywa lita 18, yaani karibu dumu moja la lita 20 kila siku. Msimu wa mvua usilale bila madumu matatu yaliyojaa, yamefunikwa, yamekaa juu ya meza. Mkiweza kuondoka na moja, mengine yatawasubiri. Chakula kiwe kisichohitaji jiko: biskuti, karanga, tende, mikate mikavu. Kichanga aendelee kunyonya. Maziwa ya mama hayahitaji maji safi wala moto.

Vyombo, na hofu ya vibaka

Tuseme ukweli: wengi hubaki majini kwa sababu ya wezi. Friji, televisheni na makochi ni akiba ya miaka, na kila mwenye nyumba bondeni ana kisa cha jirani aliyekimbia maji akarudi kukuta vibaka wamebeba hata milango. Kumwambia mtu kama huyo "maisha ni bora kuliko mali" hakumtoi. Anajua. Anachotaka ni jibu la vibaka.

Jibu la kwanza ni kupunguza kilichomo. Masika yakikaribia, cherehani, vyombo vya kazi ya mama lishe na kompyuta ya mtoto wa chuo viende kwa ndugu aliye juu. La pili ni kuinua. Matofali mawili ya saruji yakibebana huinua kitanda karibu nusu mita. Godoro na nguo zipande juu ya kabati. Friji lichomolewe, na lifungwe kwa kamba kwenye nondo za dirisha, kwa sababu friji huelea likaanguka na kuziba mlango mnaoutegemea kutokea.

La tatu ni la mtaa mzima. Kaeni na mjumbe na vijana wa ulinzi shirikishi kabla ya msimu, mpange zamu ya walinzi watakaokaa mahali pakavu panapoonekana njia zote za kuingia mtaani. Mlinzi wa mlangoni majini anahatarisha maisha yake. Mlinzi wa kona anaona kila anayetoka na kochi kichwani. Kila nyumba ichangie kidogo, na namba ya kituo cha polisi cha karibu iwe kwenye simu za walinzi. La nne ni kikoba: wekeni mfuko wa dharura ambao hautolewi mkopo wa biashara, ili aliyepoteza friji ajue kuna pa kuanzia. Mtu mwenye majibu hayo manne anaondoka mapema.

Kabla ya kufunga mlango, zima umeme kwenye swichi kubwa ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshafika kwenye soketi au unasimama ndani yake, usiguse. Funga valvu ya mtungi wa gesi na uufunge mtungi wenyewe kwa kamba, maana nao huelea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kwa hiyo ukinusa harufu yake usiwashe kibiriti wala swichi yoyote.

Maji yakishaingia

Kama mlichelewa, kumbukeni hesabu ya mlango. Maji ya nusu mita yakiegemea mlango wa upana wa sentimita 80, huku upande wa pili pakiwa pakavu, huusukuma kwa uzito wa kama kilo 100. Mlango unaofungukia upande wa maji hamtaufungua. Ndiyo maana fungueni na kuacha wazi mlango mara tu maji yanapoonekana uani. Dirisha lenye nondo za kudumu haliwezi kuwa njia ya kutokea, hivyo mwombeni mwenye nyumba aruhusu dirisha moja liwe na nondo za bawaba na kufuli, na ufunguo utundikwe pembeni yake, mahali ambapo hata mtoto anaufikia ila mkono wa mwizi haufiki.

Maji yanayokwenda kasi yakifika kifundoni na kupita kidogo, yaani sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha gari dogo kuelea, na 60 husomba magari mengi yakiwemo makubwa. Bodaboda haina nafasi hapo. Msivuke. Mkilazimika kupita kwenye maji yaliyotulia, anayetangulia ashike fimbo ndefu na kupima kila hatua, kwani chini kuna chemba zisizo na mifuniko na mashimo ya vyoo yaliyotitia. Wengine wamshike kwa kamba nyuma yake. Kaeni mbali na kuta za uzio: tofali lililolowa usiku kucha huanguka bila kutoa ishara, na watu huwa wanajikinga mvua pembeni yake. Ukiona waya wa umeme umeanguka, geuza njia na uwazuie wengine.

Namba za kupiga nchini Tanzania ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na 112 kwa Polisi. Mpigaji aanze na mahali: kata, mtaa, na kitu kinachojulikana kama msikiti au sheli. Kisha aseme wamekwama wangapi, na kama kuna mgonjwa au mtoto. Simu ikikatika katikati, angalau watakuwa wanajua waje wapi.

Kurudi nyumbani

Mvua ikikatika, haraka ya kurudi huwa kubwa, na madhara mengi hutokea hapo. Rudini mchana, wakubwa kwanza, watoto baadaye. Nyumba ambayo ukuta wake una ufa mpya au umeinama isiingiwe mpaka fundi aitazame. Umeme usiwashwe mpaka fundi umeme akague nyaya na soketi.

Maji yale si ya mvua pekee. Wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao mitaani, na kila tope lililobaki sebuleni lina kinyesi ndani yake. Vaeni viatu vya kufunika mguu na glavu, au funikeni mikono kwa vitambaa vizito. Ondoeni tope, osheni kwa sabuni, kisha pigeni deki kwa maji yenye dawa ya klorini kama jiki, kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 20. Msichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya chooni, hutoa hewa ya sumu. Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata unga ambao unaonekana mkavu juu. Kagueni chini ya magodoro na ndani ya viatu: nyoka, tandu na nge nao walikuwa wanatafuta pakavu.

Maji ya kunywa yatokote kwa dakika moja kamili, au yatiwe dawa kama maelekezo ya kwenye pakiti yanavyosema. Mtu akianza kuharisha maji matupu, msisubiri kesho. Mpelekeni kituo cha afya huku mkimnywesha njiani. Pakiti za chumvichumvi zikiisha, tengenezeni wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Ushauri wa afya unapatikana pia kwa kupiga 199 bila malipo.

Baada ya wiki moja au mbili huja mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Mwageni maji ya kwenye makopo, matairi na vifuu. Homa kali baada ya mafuriko ipimwe. Isipewe jina la malaria kwa kubahatisha.

Mpango huohuo, maafa mengine

Moto hautoi nusu saa. Nyumba ikiwaka, begi na ndoo vinasahaulika, lakini mgawo wa watu, dirisha lenye bawaba na mahali pa kukutana vinafanya kazi vilevile. Ongezeni moja tu: watoto wajue kutambaa chini moshi ukijaa, na asirudi mtu ndani kufuata simu. Wanaoishi milimani wana maji ya aina nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang' hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kwa wakazi wa miteremko, dalili za kuondoka ni nyufa mpya ardhini, miti inayoinama, na kijito kilichogeuka ghafla kuwa cha tope au kilichokauka huku mvua ikinyesha. Kwa watu wa pwani ya Kilwa na Lindi, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Kwao akiba ya chakula, dawa na fedha taslimu iwe ya wiki nzima, maana barabara ikikatika hakuna lori litakalopita.

Zoezi, na pa kuanzia kwa asiye na fedha

Kalenda ni rahisi: wiki ya mwisho ya Februari kabla ya masika, na wiki ya mwisho ya Septemba kabla ya vuli. Jumapili moja jioni, zimeni taa zote, mtoto wa darasa la sita apulize filimbi, na mwangalie saa mpaka mtu wa mwisho afike mahali pa kukutana. Mara ya kwanza mtagundua ufunguo haujulikani uko wapi, betri za tochi zimevuja, na kijana wa kumbeba bibi amehamia Mbagala. Hayo ndiyo mliyokuwa mnayatafuta. Yarekebisheni wiki hiyohiyo, kisha badilisheni biskuti na betri, kagueni tarehe za dawa, na mpigieni mjomba wa Morogoro kuhakikisha namba yake haijabadilika.

Kama fedha ni kidogo, anzeni na yasiyo na gharama. Wiki hii ulizeni maji hufika wapi, chagueni alama, andikeni majina ya nani anamshika nani, na watoto wakariri namba moja. Wiki ijayo pigeni picha nyaraka na mzitume. Mwezi huu pateni ndoo ya rangi kwa fundi na begi kuukuu la shule. Matofali, pawabenki na dirisha la bawaba vinaweza kusubiri mchango wa kikoba. Mjumbe naye aombwe aitishe kikao cha zamu ya ulinzi kabla mvua hazijaanza, maana baada ya hapo kila mtu atakuwa mlangoni kwake akiangalia maji.